Mama Dorika Hajanyoa

Kuna uvumi ambao mama yangu aliuleta nyumbani kutoka gulioni Shelui, na mpaka leo haujanitoka. Walisema kwamba chini ya mlima wa Sekenke, kwenye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa, wako watoto waliokwisha kuzikwa. Wanaponda mawe. Ukipita pale saa sita mchana, jua likiwa utosini, unasikia tu, tu, tu kutoka chini ya ardhi. Halafu unasikia sauti ya mtoto inakuita kwa jina lako. Usiitikie, walisema. Ukiitikia, na wewe umekwenda.

Watu wazima waliamini, na sisi watoto tuliamini zaidi. Sasa nami ni mama, ndiyo maana naandika. Ule uvumi ulikuwa na ukweli ndani yake, ila watu waliushika kwa upande mbaya.

Ilikuwa mwaka 1953, mwezi wa nane, upepo wa kiangazi ukiwa umekausha kila kitu. Katika kitongoji cha Kisonga, juu ya mlima, Jumanne saa tano asubuhi, mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja aitwaye Dorika alikwenda kisimani na kibuyu. Hakurudi.

Saa saba watu walikikuta kibuyu chake kando ya kisima. Kilikuwa kimesimama wima, kimejaa maji, na kizibo kiko mahali pake. Hatua ishirini mbele ilikuwapo kaniki yake, imechanika na kulowa damu. Mavumbini palikuwa na nyayo za simba.

Hakuna aliyeuliza swali. Miaka ile ya simba, walipokufa watu wengi upande wa Singida, ilikuwa haijatimia hata kumi tangu ipite. Na hapohapo Kisonga, miaka miwili kabla, mtoto mwingine, Antipasi, alikuwa amechukuliwa vivyo hivyo akichunga mbuzi. Wazee walifunika nyayo kwa matawi ya miiba ili mtu asizikanyage. Jumbe Yohana, aliyekuwa mkuu wa pale, akaagiza kaniki izikwe badala ya mwili, na ndugu wanyoe nywele.

Ndugu walinyoa. Wa kwanza kukaa chini ya wembe alikuwa shangazi yake Dorika, Marietha, mjane, ambaye ndiye mama yake yule Antipasi. Watu walimhurumia sana. Mwanamke mmoja, simba mara mbili.

Aliyekataa ni Klara, mama yake Dorika. Mume wake, Alute, alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, hivyo hakuwa na mtu wa kumsemea. Aliikalia ile kaniki, akaifanya mkeka.

"Nioneshe hata mfupa mmoja, Jumbe," alisema, "ndipo uniletee wembe."

Alikaa hivyo siku mbili. Wanawake walianza kumpita mbali. Walisema mtoto asiyezikwa atazunguka kwenye miji ya watu, na kosa litakuwa la mama yake.

Alhamisi asubuhi alifika Inspekta Msaidizi Nathanaeli Kingu kutoka Kiomboi, pamoja na Konstebo Melkiori. Hawakuja kwa ajili ya simba. Wiki mbili nyuma, kule Shelui, askari walisimamisha lori lililobeba nta ya nyuki. Mkate mmoja wa nta ulikuwa mzito kuliko ukubwa wake. Walipoukata walikuta vumbi la dhahabu katikati. Dereva aliapa kwamba huwa anaikuta mizigo imewekwa njiani, hamjui mwenyewe, na hawakupata la kumfunga.

Lakini yule aliyeufinyanga mkate alikuwa ameukandamiza kwa mkono nta ikiwa bado laini. Alama ya kiganja ilibaki wazi. Ilikuwa ndogo, ya mtoto. Ilikuwa na vidole vitatu na gumba. Kidole cha mwisho hakikuwapo.

Inspekta alikuwa anautafuta mkono huo kijiji kwa kijiji. Ule mkate ulisafiri ndani ya chungu chenye kitambaa kibichi, usiyeyuke kwa jua, na chungu alikibeba Melkiori.

"Afande," Melkiori alilalamika, "nyumbani wakiniona na chungu mgongoni watasema nimeolewa."

Walipofika Kisonga walikuta msiba, na katikati ya msiba mwanamke mwenye nywele kichwani. Inspekta alivua kofia, akakaa chini mbele yake.

"Mama, hii kaniki mtoto aliivaaje?"

"Begani."

"Kwa fundo?"

"Fundo, halafu nikalishona. Dorika hajui kufunga, kila mara inamshuka. Nililishona Jumapili kwa uzi mweupe."

"Nionyeshe."

Klara aliinuka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Inspekta aliinua kitambaa kwenye mwanga. Katikati kilikuwa kimeraruliwa hasa. Lakini pale begani matundu ya sindano yalikuwa yamepangana mazima, na hapakuwa na uzi hata kipande. Hakuna uliokatika. Mtu alikuwa ameufumua taratibu, tundu moja baada ya jingine.

"Simba huyu anajua kushona," alisema Melkiori. Hakuna aliyecheka.

Kwenye pindo, ndani ya damu iliyokauka, lilikuwa limenata nyoya dogo la kuku. Inspekta alilitia kwenye bahasha pamoja na kipande cha damu kwa ajili ya maabara. Kisha akaenda kisimani, akaondoa miiba kwa mkono wake, wazee wakiguna nyuma yake. Nyayo zilikuwa saba. Zote saba zilikuwa za mguu wa mbele wa kulia.

"Jumbe," aliuliza, "simba wenu anaruka kwa mguu mmoja?"

Jumbe Yohana alizihesabu upya kwa ncha ya fimbo yake. Inspekta alikitazama kibuyu. Mtoto aliyekimbia hazibi kibuyu. Yule aliyemjia Dorika alikuwa mtu anayemfahamu, mtu wa kusubiriwa mpaka maji yajae.

Aliuliza nyumba kwa nyumba ni nani alikuwa nje siku ile. Wengi walikuwa ndani kwa sababu ya upepo. Alibaki mmoja, Sara, mama yake Isaka, aliyekuwa anakata nyasi karibu na njia ya kushukia mlimani. Alijibu huku akitazama mlango.

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu, Bwana."

"Ulisikia nini?"

Sara aliinuka, akausindika mlango. Inspekta alisubiri mpaka akakaa tena.

"Nilisikia mtoto ananiita. Mama Isaka. Mama Isaka. Mara tatu, kutoka njiani."

"Ukafanya nini?"

"Nikaziba masikio."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa saa sita kamili. Tumeambiwa tusiitikie."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Ya Dorika. Niliporudi nyumbani nikakuta msiba. Nikasema, afadhali sikuitika."

Inspekta alifunga daftari lake. Alipotoka nje alimkuta Klara amesimama ukutani. Alikuwa amesikia yote. Hakumtukana Sara. Alisema tu, kama mtu anayehesabu, kwamba saa sita mtoto wake alikuwa hai, na anaelekea chini.

Mji wa mwisho kabla ya njia ya kushuka ulikuwa tembe ya Marietha. Walimkuta anakandika ukuta, mikono imejaa udongo, kichwa chake kinang'aa kwa wembe. Aliwakaribisha vizuri, lakini alisimama mlangoni.

"Unaishi na nani, mama?"

"Peke yangu. Mwanangu alikwenda na simba."

"Pole. Na Dorika?"

"Mtoto wa kaka yangu. Mtoto mzuri. Anaogopa giza tu, yule."

"Anaogopa?"

"Alikuwa anaogopa," alisema Marietha.

Inspekta hakumtazama tena usoni. Alikuwa anatazama ukuta. Juu, udongo ulikuwa umelainishwa na kiganja kipana. Chini, usawa wa goti, palikuwa na viganja vidogo, vimepangana kama vimecheza. Vidole vitatu na gumba. Vidole vitatu na gumba.

"Melkiori, lete chungu."

Konstebo alifungua kitambaa kibichi. Inspekta aliushika mkate wa nta kando ya ukuta. Kovu la kidole kilichokatika lilikuwa lilelile, limepinda kidogo kwa ndani.

"Huku chini amekandika nani?"

"Mimi."

"Nipe mkono wako."

Marietha aliunyoosha. Ulikuwa na vidole vyote vitano. Upepo ulikatika ghafla, kama unavyokatika mchana wa kiangazi, mpaka ukasikia nzi. Ndipo ndani ya nyumba, kutoka kwenye kihenge cha mtama, kitu kilikohoa.

Melkiori alirudi nyuma hatua tatu, chungu kikiwa kifuani. Watu waliokuwa wamewafuata walianza kuondoka bila kugeuka. Inspekta aliingia peke yake. Alipofunua kihenge, mtoto wa kiume alisimama taratibu kutoka ndani, mweupe kwa vumbi la mtama tangu nywele hadi kope, na hakufumba macho kwenye mwanga.

"Huyo ni Antipasi," alisema Jumbe Yohana, na fimbo ikamtoka mkononi. "Tumemzika sisi."

Inspekta alimwita mtoto kwa jina lake. Mtoto hakuitika. Alitazama midomo ya Inspekta kama anatazama kitu kilicho mbali.

"Msimguse," alisema Marietha. "Ni mzima. Anakula."

"Dorika yuko wapi?"

Marietha alijifuta udongo mikononi.

"Mama, Dorika yuko hai?"

"Kama hawajafukia."

"Wafukie nini?"

"Shimo. Wakisikia polisi wako mlimani watafukia, wahame. Nta inatoka kesho mchana."

Inspekta hakuuliza sababu. Sababu ingesubiri, mtoto asingesubiri. Alituma mtu Shelui akalete askari zaidi, akamwambia Marietha aongoze njia.

Ijumaa, jua likiwa linapanda, walikuwa wameshafika korongoni nyuma ya mlima, mbali na mgodi wenyewe, pahali ambapo hata wachunga mbuzi hawapiti. Walikuwa askari sita. Mmoja wao, mwenyeji wa Wembere, alikuwa amejitia pamba masikioni, na Inspekta alijifanya hakuona.

Waliusikia mlio kabla ya kuona kitu. Tu, tu, tu. Ulitoka chini ya nyayo zao, ukapanda miguuni. Melkiori aliniambia nilipokuwa mtu mzima kwamba amewahi kufukuzwa na kifaru, lakini hakuogopa kama pale, jua likiwaka, ndege wakilia, na ardhi inagonga kama moyo.

Juu ya shimo walikuwapo wanaume watatu wanayeyusha nta kwenye pipa. Mkubwa wao aliitwa Simeoni, zamani nyapara kwenye machimbo, mtu mnene, mpole wa sauti. Wawili walikimbia, wakakamatwa bondeni. Simeoni hakukimbia. Alinawa mikono, akaamkia vizuri.

"Shimoni kuna watu wangapi?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna mtu."

"Anayegonga nani?"

"Hao si watu, Bwana Inspekta. Uliza yeyote wa mlimani. Wameliliwa, wamezikwa, wamenyolewa. Serikali itamshitaki mtu kwa ajili ya marehemu?"

Alisema hivyo akitabasamu, na Inspekta akaelewa jinsi kazi ilivyokuwa rahisi. Watoto hawakuhitaji kufungwa kamba. Simeoni aliwaambia siku ya kwanza kwamba kwao wameshazikwa, na kila walipopita watu karibu aliwaruhusu kuita. Waliita. Watu walikimbia. Mwaka uliopita mmoja alitoroka hadi kijijini kwao, akapigwa mawe mlangoni kwa mama yake, akarudi mwenyewe shimoni. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu.

Inspekta alilala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo. Kulikuwa na ngazi ya magogo inayoishia gizani.

"Tokeni," alisema. "Ni polisi."

Mlio ulikoma. Hakuna aliyejibu.

"Dorika. Dorika binti Alute."

Jiwe moja liliporomoka gizani. Kisha sauti ndogo, kavu kwa vumbi, ilipanda.

"Wameshanizika?"

Inspekta alisema baadaye kwamba katika kazi yake yote hakupata swali gumu kama hilo, na kwamba jibu hakulitoa kichwani. Alilikumbuka tu, lile kundi la vichwa vilivyonyolewa na kichwa kimoja katikati yake.

"Hapana," alisema. "Mama yako hajanyoa."

Ngazi ilianza kutikisika.

Alitoka Dorika, amevaa gunia. Wakafuata wengine watatu, mmoja mmoja, wamejikinga macho. Wa mwisho alikuwa msichana mkubwa kidogo, Dorkas. Alisimama mbele ya Inspekta, akauliza kama mama yake naye alinyoa. Inspekta alijifanya anatafuta kalamu.

Walipopanda mlima, Klara alikuwa anawasubiri pale Sara alipokuwa anakata nyasi. Dorika alipomwona hakukimbia. Alisimama mbali, akaita, "Mama," halafu akangoja.

"Abee," alisema Klara. "Abee, mwanangu. Abee."

Jumamosi Marietha alitoa maelezo yake barazani kwa Jumbe, mchana, watu wote wakisikia. Inspekta aliuliza, Melkiori aliandika.

"Nani alimchukua Dorika kisimani?"

"Mimi. Nilimwambia twende tukachimbe udongo mweupe njiani. Alimaliza kuchota, akanifuata. Simeoni alikuwa anangoja kwenye mawe. Mtoto alipomwona akaanza kuita watu, ndipo Simeoni akamziba mdomo."

"Nguo yake?"

"Nilimwambia aivue isichafuke. Yalikuwa mapatano, nguo ibaki."

"Nyayo?"

"Alinipa kanyagio la simba, mguu mkavu kwenye kijiti. Damu ni ya kuku wangu."

"Kwa nini ulifumua uzi?"

Marietha alifikiri. "Kaniki ilikuwa mpya. Fundo liligoma, nikaanza kulifumua nisiiharibu, kabla sijakumbuka kwamba naenda kuirarua."

"Simeoni alikulipa nini?"

"Mwanangu."

Watu walijisogeza. Marietha aliinua kichwa, na hakuongea na Inspekta tena. Aliongea na Jumbe.

"Mwaka jana, mwezi wa tano, nilikuwa natoka kuchota chumvi Wembere. Nikamwona Antipasi juu ya lile shimo, anafinyanga nta. Macho yangu mawili. Nilikuja kwako, Jumbe, hapahapa. Nilikwambia mwanangu yuko hai. Ulisemaje?"

Jumbe Yohana aliliangalia daftari la Melkiori.

"Ulisema nimeona msukule. Ukaniitia mganga, nikanyweshwa dawa siku saba nisiote tena. Kila mtu aliyekaa hapa alinipa pole. Basi nilirudi peke yangu. Simeoni akasema, mtoto ni wako, mchukue, ila niletee mwingine wa kimo hicho. Nilikaa na neno hilo mwaka mzima. Kila nikipita naona kimo cha watoto wa watu."

"Kwa nini Dorika?" aliuliza Inspekta.

Marietha alimgeukia Klara.

"Wewe una watano, wifi. Mimi nilikuwa na mmoja."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia, nadhani alikuwa Sara. Klara alimvuta Dorika mapajani pake, ingawa alikuwa mkubwa mno wa kukaa mapajani.

"Ungeniambia mimi," alisema Klara. "Tungekwenda wote wawili kumchukua."

"Ungeniamini?"

Klara alifungua mdomo, akaufunga. Hakudanganya.

Simeoni alifungwa kwa biashara ya watu na ya dhahabu ya wizi, na waliokuwa wakinunua ile nta walifuatwa hadi mbali. Marietha naye alifungwa. Antipasi alilelewa kwa Klara, akiwa mtoto wa sita mezani, lakini ilichukua mwaka mzima kabla hajaitika mtu akimwita. Dorika hakuwahi kukata nywele zake tena. Najua, kwa sababu nimezisuka mwenyewe mara nyingi. Ni dada yangu.

Kwa hiyo nawaandikia wenye watoto, kwa maneno machache.

Usimtume mtoto peke yake kisimani wala kuchunga pasipo kuonekana.

Usimwambie mtoto amfuate kila mtu kwa sababu tu ni ndugu.

Usimkubali anayekuahidi kazi ya mtoto wako pahali ambapo wewe huruhusiwi kufika.

Usizike nguo. Tafuta mwili.

Usinyoe upesi.

Mama akisema amemwona mwanawe, usimpe dawa. Nenda naye ukaone.

Na mtoto akikuita, hata kama ni saa sita mchana na huoni anayeita, usizibe masikio. Itika.